Ngiri ya Kitovu kwa Watoto wa Mbwa: Je, Wanyimwe Uzazi?

Mbwa jike amezaa watoto sita. Katika juma la tano mfugaji anampindua mmoja wao chali ili amtafute viroboto, naye anaona uvimbe mdogo mahali pa kitovu, laini, mfano wa punje ya harage. Akiubonyeza unazama ndani, na kidole kinahisi ukingo wa tundu katika ukuta wa tumbo. Mtoto halii wala haonyeshi dalili ya maumivu. Akiachwa, hurudi kunyonya pamoja na ndugu zake. Uvimbe huo ndio ngiri ya kitovu. Kwa mtoto mwenyewe aghalabu si jambo kubwa. Ubishi huanza linapoulizwa swali la pili: je, mbwa huyu akikua aruhusiwe kuzaa? Na wazazi wake, je, wapandishwe tena?

Wako wafugaji ambao hulijibu swali hilo kwa neno moja: kila mwenye ngiri ahasiwe, na wazazi wake wasizae tena, ili damu isafishwe. Wako na wengine ambao hucheka tu, wakasema ni ajali ya kuzaliwa. Majibu yote mawili yana kasoro. Lakini lile la kwanza, ambalo kwa sura lafanana zaidi na sayansi, ndilo linalostahili kuogopwa zaidi, kwa kuwa limekwisha kujaribiwa katika mambo mengine na matokeo yake yanajulikana.

Kwanza yafaa ifahamike ngiri yenyewe ni kitu gani. Mtoto awapo tumboni mwa mama yake hapati chakula wala hewa kwa kinywa. Vyote humjia kwa mishipa ya damu ipitayo katika kitovu, na pamoja na mishipa hiyo hupita mrija utokao katika kibofu. Kwa hiyo ukuta wa tumbo hauna budi kuacha tundu. Tena, mwanzoni mwa mimba utumbo hukua upesi kuliko nafasi iliyomo tumboni, hata sehemu yake hutoka nje na kukaa ndani ya kitovu kwa muda, kisha hurudi mahali pake. Mbwa, ng'ombe, nguruwe na binadamu wote hupita katika hali hiyo. Yaani kila msomaji wa ukurasa huu aliwahi kuwa na ngiri ya kitovu, ila alikuwa hajazaliwa.

Baada ya kuzaliwa, mishipa ile hunyauka na tundu hujifunga katika siku chache za kwanza. Likichelewa kufungwa, kipande cha mafuta ya tumboni huchungulia nje chini ya ngozi. Tundu likiwa dogo, mara nyingi hujifunga lenyewe kabla mbwa hajatimiza miezi sita. Hutokea pia kwamba tundu limejifunga huku punje ya mafuta imebaki nje. Uvimbe huo haurudi ndani tena, ni baridi, hauumi, na hubaki hivyo maisha yote bila madhara. Watu huendelea kuuita ngiri, ijapokuwa mlango umekwisha fungwa. Tundu likiwa kubwa kiasi cha kupitisha ncha ya kidole au zaidi, hapo utumbo waweza kutoka, na ukitoka waweza kubanwa hata damu isipite. Mtoto ambaye uvimbe wake umekuwa mgumu ghafla, wa moto na wenye maumivu, naye anatapika na kukataa chakula, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Akilazwa nyumbani hadi asubuhi huenda asiione.

Watoto wa binadamu nao wanayo ngiri hii, na watoto wa asili ya Kiafrika huipata kwa wingi kuliko wengine. Mama wengi hufunga sarafu juu ya kitovu kwa kitambaa na kuamini kwamba ndiyo iliyoponya, ilhali ngiri nyingi kati ya hizo hujifunga zenyewe kabla mtoto hajafikisha miaka mitano, sarafu iwepo isiwepo. Haijapata kusikika kwamba kijana amekataliwa posa kwa sababu kitovu chake kilitokeza utotoni.

Kuhusu chanzo chake, shutuma ya kwanza humwangukia mama mbwa. Husemwa kwamba aliuvuta mno ukambi wa kitovu alipoukata kwa meno. Huenda mama mwenye pupa akamjeruhi mtoto mmoja mmoja, na kitovu kilichokatwa karibu mno na ngozi chaweza kuingia uchafu na kuoza. Lakini kama meno ya mama ndiyo yangekuwa chanzo kikuu, ngiri zingetawanyika sawasawa katika mbegu zote za mbwa, maana mama wote hukata vitovu kwa namna moja. Haziko hivyo. Mwaka 1974 mtafiti wa Kimarekani, Howard Hayes, alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali za wanyama juu ya ng'ombe, farasi, nguruwe, mbwa na paka. Kwa upande wa mbwa, ngiri ya kitovu ilionekana kuzidi katika mbegu chache, zikiwamo Airedale, Pekingese, Pointer, Weimaraner na Basenji. Kitu kinachofuata nasaba namna hiyo hakiwezi kuitwa ajali. Kwa hiyo wale wanaocheka na kusema ni bahati mbaya tu wamekosea.

Lakini kurithiwa nako kuna namna zake. Watu wengi waliosoma shule kidogo hukumbuka njegere za Mendel, wakadhani kila sifa ina kiini kimoja cha urithi, kiwepo au kisiwepo. Ngiri ya kitovu haielekei kuwa hivyo. Dalili zake ni za sifa inayotokana na viini vingi, kila kimoja kikiongeza kidogo: unene wa misuli ya tumbo, upana wa tundu, kasi ya kufunga. Mtungi uwekwe chini ya mifereji kadhaa inayodondosha maji. Mtungi usipojaa, hakuna anayeona kitu. Ukijaa, tone moja la mwisho linamwagika, na kila mtu anapiga kelele. Katika uzao mmoja wa watoto sita, mmoja alimwaga maji, na watano hawakumwaga. Lakini mitungi yao, kwa kuwa ni ndugu, yamkini imejaa hadi karibu na mdomo. Na tone lile la mwisho laweza hata kutoka nje ya urithi, kama vile pupa ya mama au kitovu kilichoingia uchafu.

Mfugaji anayemhasi yule mmoja na kumpandisha ndugu yake bila kufikiri hajaondoa karibu kitu chochote. Na mfugaji anayewafungia uzazi wote sita, na wazazi wao wawili, ameondoa mbwa wanane kwa sababu ya tundu moja ambalo pengine lingejifunga kabla ya mvua zijazo.

Hata sifa iwe ya kiini kimoja kilichojificha, hesabu haimpendelei mwenye haraka. Ikiwa mnyama mmoja katika kila 100 ana ugonjwa wa namna hiyo, na wanyama wanapandana bila kuchaguliwa, basi wapatao 18 katika hao 100 wanauchukua bila kuuonyesha. Kumwondoa yule mmoja ni kama kuchota kikombe kisimani. Kuwaondoa wote 19 ni kupoteza karibu sehemu moja ya tano ya kundi, pamoja na mema yote waliyokuwa nayo: macho mazuri, nyonga imara, moyo wenye nguvu, tabia ya upole.

Katika ile orodha ya mwaka 1974 limo jina moja ambalo msomaji wa Kiswahili hataliona geni. Basenji ni mbwa wa misitu ya Kongo na nchi zilizo jirani nayo. Jina lake limetoka katika lugha za Kibantu za huko, nalo lina undugu na neno "shenzi". Kwa ufupi, mbwa shenzi ndiye aliyepelekwa Ulaya na kuwekwa juu ya zulia la maonyesho. Ni mbwa mwepesi, wa kimo cha sentimita 43 hivi kwa dume, mkia umejikunja mgongoni. Habweki kama wengine bali hutoa sauti mfano wa wimbo, na jike lake huingia joto mara moja tu kwa mwaka. Wawindaji wa Kongo humfunga njuga shingoni ili wamfuate vichakani.

Safari yake ya Ulaya ilikuwa ya misiba. Wawili walioonyeshwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa homa ya mbwa. Mwaka 1923 Helen Nutting alileta sita kutoka kusini mwa Sudan. Nao walikufa baada ya kudungwa chanjo ya ugonjwa huo huo. Ni mwaka 1937 tu ambapo Olivia Burn alifaulu kuwaonyesha mbwa aliowatoa Kongo na mbegu ikashika. Tangu hapo waliongezwa wengine wachache sana, akiwamo jike mmoja aitwaye Fula ambaye Veronica Tudor-Williams alimtoa kusini mwa Sudan mwaka 1959. Daftari la nasaba likafungwa. Basenji wote wa Uingereza na Marekani wakawa wazao wa babu na bibi wachache mno, na katika hali hiyo haishangazi kwamba vitovu vyao vilitokeza mara kwa mara. Wafugaji wa mbegu hii walivizoea na hawakuvijali sana.

Jambo walilolijali lilikuwa jingine, na kwa haki. Katika miaka ya 1960 iligunduliwa kwamba baadhi ya Basenji hufa mapema kwa upungufu wa damu, kwa sababu chembe zao nyekundu hukosa kimeng'enya kimoja kinachozipa nguvu na hivyo huvunjika upesi. Ugonjwa huu ni wa kiini kimoja kilichojificha. Katika miaka ya 1970 kilipatikana kipimo cha damu cha kuwatambua wale wanaouchukua bila kuugua, na wafugaji wa Marekani walikitumia kwa bidii kubwa. Wachukuzi waliondolewa katika uzazi kwa wingi, na wengine waliuawa. Ugonjwa ule ulipungua sana. Lakini wachukuzi hao hawakuwa wagonjwa. Mchukuzi akipandishwa na asiyechukua, hapatikani mtoto hata mmoja mgonjwa. Waliondolewa mbwa wazima ambao wangeweza kuzaa wazima.

Kundi ambalo tangu awali lilikuwa dogo likawa dogo zaidi. Kisha ukajitokeza ugonjwa mwingine, uitwao Fanconi, ulioelezwa katika Basenji mwaka 1976. Figo za mbwa mwenye ugonjwa huu hushindwa kuzuia sukari na virutubisho vingine visitoke na mkojo; mbwa hunywa maji mengi, hukojoa mno, hukonda, na asipotibiwa hufa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba kwa kawaida huonekana mbwa akiwa mtu mzima, amekwisha kuzaa. Wafugaji wengi wa mbegu hiyo wamesadiki kwamba ile safisha ya kwanza, iliyowaacha wazazi wachache tu, ndiyo iliyoupa ugonjwa wa pili nafasi ya kuenea.

Dawa ilitafutwa pale mbwa walipotoka. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walifunga safari hadi kaskazini-mashariki ya Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakaenda kijiji kwa kijiji katika nchi ya Wazande kuomba na kununua vijibwa. Mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kilikubali kulifungua daftari la nasaba na kuwaingiza mbwa wapya 14. Mwaka 2009 daftari lilifunguliwa tena. Mwaka 2007 kilitolewa kipimo cha kiini kinachokaribiana na kile cha Fanconi, na mwaka 2011 kipimo cha moja kwa moja. Mara hii wafugaji walikuwa wamejifunza: mchukuzi hakufukuzwa, alipandishwa na asiyechukua. Yaani taifa lenye maabara na madaktari wengi lililazimika kurudi kwa wawindaji wasio na daftari kuomba damu ambayo lenyewe lilikuwa limeimwaga.

Sasa mizani iwekwe. Upande mmoja upo ugonjwa wa damu unaoua. Kuuondoa kwa pupa kulileta hasara ambayo ilihitaji miaka mingi kulipwa. Upande wa pili upo uvimbe wa kitovu ambao mara nyingi hujifunga wenyewe, na usipojifunga hushonwa na daktari, tena aghalabu wakati ule ule mbwa anapohasiwa au kufungwa uzazi. Ikiwa pupa haikufaa kwa lile kubwa, hakuna hoja ya kuileta kwa dogo.

Atainuka mtu aseme: mbona madume ya ng'ombe hukataliwa kwa kasoro ndogo zaidi? Hilo ni kweli, na ni haki. Mbegu za dume mmoja wa kituo cha uhimilishaji, kama kile cha Usa River mkoani Arusha, zaweza kusambazwa kwa maelfu ya ng'ombe katika mikoa mingi. Ndama wa Friesian, ambao nao wana sifa ya ngiri za kitovu, hununuliwa na mkulima mwenye ng'ombe mmoja au wawili. Ngiri moja kubwa kwa ndama wake ni maziwa ya mwaka kesho yaliyo hatarini. Tena madume wa kuchagua ni wengi: akikataliwa mmoja, yupo mwingine aliye sawa naye. Hukumu kali pale haigharimu kitu. Mbwa jike anayezaa mara tatu au nne katika maisha yake hawezi kupimwa kwa kipimo hicho.

Lakini hoja hii ina upande wa pili ambao wenye mbwa hawaupendi. Dume maarufu wa mbwa, yule aliyeshinda maonyesho au anayesifiwa kwa ulinzi, ambaye kila mwenye jike mjini humtafuta, huyo amekwisha kuwa kama dume la kituo cha uhimilishaji. Kwake yeye ukali unafaa. Ikiwa alizaliwa na ngiri kubwa, au ikiwa majike mengi tofauti yamemzalia watoto wenye ngiri, kuendelea kumkodisha ni kujaza mitungi ya mji mzima. Mara nyingi mambo huwa kinyume: jike wa mtu maskini anafungwa uzazi kwa uvimbe mdogo, na dume la tajiri linaendelea kupandisha kwa kuwa lina kikombe cha fedha.

Yako pia mambo ambayo hayapaswi kuchanganywa na hili. Ngiri ya kinena, itokeayo karibu na mapaja, ni kitu kingine. Kwa jike hata mji wa mimba waweza kuingia humo, na mbwa wa namna hiyo asipandishwe. Dume ambaye korodani yake moja haikushuka, naye asipandishwe. Na kwa kuwa kasoro hiyo imeonekana kufuatana na ngiri ya kitovu zaidi ya inavyotazamiwa, kila kijibwa dume mwenye uvimbe kitovuni akaguliwe korodani zake pia. Jike mwenye tundu kubwa lisilofungwa asibebeshwe mimba, maana uzito wa watoto hulitanua. Tundu lililohitaji upasuaji kwa ukubwa wake ni ushahidi kwamba mtungi umejaa sana, na mbwa huyo ni heri afungwe uzazi siku hiyo hiyo akiwa mezani. Na wawili ambao wote walikuwa na ngiri utotoni, hata kama zimepona, wasikutanishwe.

Wanaobaki baada ya hao ni wengi: mwenye tundu la milimita chache lililojifunga, ndugu zake wasio nalo, wazazi waliotoa mmoja kati ya sita. Hao, ikiwa wazima katika mengine, waachwe wazae, ila wachaguliwe wenzi ambao nasaba zao hazina habari za ngiri. Uzao wa pili ukitoa tena ngiri mbili tatu, abadilishwe mwenzi kabla ya kumlaumu jike.

Yote haya hayawezekani bila kumbukumbu, na hapa ndipo palipo na udhaifu mkubwa. Upasuaji huponya mbwa lakini haugusi viini vyake vya urithi, huficha tu. Kanuni za maonyesho za Marekani zenyewe humruhusu mbwa aliyeshonwa ngiri ya kitovu kuonyeshwa, ilhali aliyeshonwa ya kinena hukataliwa. Si kanuni mbaya, maana inatofautisha kubwa na dogo. Lakini mwamuzi anayetazama tumbo laini hajui kama liliumbwa hivyo au lilishonwa. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako vijibwa wa ulinzi huuzwa getini na sokoni bila karatasi yoyote, mnunuzi hajui hata jina la baba.

Daftari la shule la senti chache latosha. Aandikwe kila mtoto aliyezaliwa, mwenye uvimbe na asiye nao, pamoja na baba na mama. Tundu lipimwe kwa milimita katika juma la sita, la kumi na mbili, na katika mwezi wa sita. Iandikwe kama lilijifunga au lilishonwa, na nani aliyelishona. Mnunuzi asomewe ukurasa huo kabla hajatoa fedha, na nakala yake aende nayo nyumbani pamoja na kijibwa.